Lamu au Malindi: uchague njia zipi za kutembea kwa miguu

Anayekuja Pwani kupumzika huuliza hoteli na bei ya samaki. Anayekuja kutembea inafaa aulize njia kwanza. Lamu na Malindi zote zina njia za miguu zinazostahili safari, ila hazifanani, na mapumziko ya siku tatu hayatoshi kuzimaliza. Ninaposema Malindi nahesabu pia magofu ya Gede, mkono wa bahari wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa sababu mtembezi anayelala Malindi mjini huishia huko.

Tofauti inayozaa nyingine zote ni kwamba njia za Lamu zimeungana, na za Malindi zimekatikakatika. Kisiwani Lamu unafunga mlango wa nyumba uliyofikia, unakata vichochoro, unatokea pwani, unafika kijiji cha Shela, unashika ufuo, na ukiwa na nguvu unarudi kwa upande wa pili kupitia vijiji vya Kipungani na Matondoni bila kupanda chombo chochote cha magurudumu. Malindi kila njia ni kipande peke yake. Kati ya kipande na kipande kuna barabara kuu iendayo Mombasa, na waliojenga barabara ile hawakumfikiria mtu wa miguu. Lakini vipande vyenyewe ni hazina: mji wa mawe uliomezwa na miti, msitu wenye wanyama ambao huwapati kwingine, na daraja la mbao linalopenya katikati ya mikoko. Kwa hayo Lamu haina cha kushindana.

Lamu mjini hadi Shela

Anza na Njia Kuu, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui. Inapita katikati ya Mji Mkongwe sambamba na bahari, kutoka Mkomani upande wa kaskazini hadi Langoni upande wa kusini. Nyumba za matumbawe za ghorofa mbili tatu zimeikumbatia pande zote, kwa hiyo hata saa saba mchana, wakati ufuo hauwaziki, hapa unapita kivulini. Hofu ya kupotea iache nyumbani. Vichochoro vinateremka kuelekea baharini na mifereji yao inateremka navyo, basi ukichanganyikiwa fuata maji yanakokwenda, utatokea pwani.

Njiani kuna punda, na sheria yao ujifunze mapema. Punda aliyebeba mchanga ana kanda kila ubavu, na mizigo hiyo miwili inajaza kichochoro kizima. Aliye nyuma yake hana haja ya kumwongoza, maana punda anaijua njia kuliko wewe. Ukisikia kwato, jibanze kwenye baraza au mlangoni, umwachie apite. Usijaribu kumpita.

Ngome ndiyo njia panda ya mji. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na sasa iko chini ya makumbusho ya taifa. Uwanja ulio mbele yake una miti mikubwa na mabaraza, na wazee hukaa pale tangu alasiri. Toa salamu, kaa nao kidogo. Utaelezwa njia vizuri kuliko ramani yoyote. Karibu na hapo uko Msikiti wa Pwani, wenye maandishi ya mwaka 1370, na ukielekea Langoni utafika Riyadha, msikiti wa mwanachuoni Habib Swaleh, kitovu cha Maulidi ya Lamu. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Sababu mtembezi ataiona kwa macho: ni mji ambao bado unaishi, watoto wanakwenda chuoni na juzuu zao, na mafundi wa milango wako kazini.

Kutoka ngomeni hadi Shela ni kama kilomita 3 kando ya bahari, dakika 40 au 45 kwa mwendo wa kawaida. Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu yeyote kwanza. Ni tambarare, ina watu, ina pa kununua maji na madafu, na ukichoka unapunga mkono, boti inakuja. Maji yakijaa sana bahari hupanda sehemu za njia, na hapo wenyeji hukata kwa ndani. Uliza tu.

Ufuo wa Shela

Ukishapita Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara wa tangu 1829, mchanga unafunguka mbele yako kwa takriban kilomita 12. Hakuna duka, hakuna mti wa kivuli, na mara nyingi hakuna mtu. Kuna wanaoupenda ukiwa hivyo, na mimi ni mmoja wao, lakini sitamshauri mtu aende mbali peke yake baada ya kuziacha nyumba za mwisho. Nenda na mwenzako au na mwenyeji wa Shela, na usiogelee huko mbali: ufuo huu unatazama bahari kuu bila ngao ya mwamba, na mkondo una nguvu.

Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo vinastahili neno zaidi. Mvua inayonyesha juu yake huchujwa na mchanga na kukaa chini yake, na visima vya hapo ndivyo vimeunywesha mji wa Lamu kwa muda mrefu. Ujenzi juu ya vilima hivyo umelalamikiwa miaka na miaka, na walalamikaji wana haki. Mtembezi naye ana wajibu wake: pita chini, kwenye mchanga mgumu uliolowa, na uviache vilima na majani yanayovishika mahali pake. Picha nzuri ya machweo inapatikana hata kutoka chini.

Matondoni na Kipungani

Wageni wengi hawafiki huku, na ndiyo sababu naitaja kwa kirefu. Njia inatokea nyuma ya mji na kukata kisiwa kuelekea magharibi, kupitia mashamba ya minazi na miembe. Chukua kama saa mbili kufika Matondoni. Mchanga ni mzito, unazama hadi kifundoni, na njia hugawanyika mara kwa mara bila kibao chochote. Atakayeondoka alfajiri na mapema atafika bado anacheka, na atakayeondoka saa nne atafika akitafuta kisima.

Matondoni ni kijiji cha majahazi. Ukibahatika kukuta chombo kiko juu ya magogo, kaa chini uangalie. Fundi hana karatasi yenye mchoro. Umbo la chombo liko kichwani na machoni. Mbao anazichonga kwa tezo, matundu ya misumari anayatoboa kwa keekee, ile ya kuzungushwa kwa upinde na kamba, na vijana wanapigilia pamba iliyolowekwa mafuta kwenye nyufa kati ya ubao na ubao. Hiyo ndiyo kalafati, na mlio wake wa nyundo unausikia kabla hujakiona kijiji. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukiruhusiwa usiwe na haraka ya kuondoka.

Kipungani iko kusini zaidi, kwenye pembe ya kisiwa. Kina mama wa huko husuka mikeka na vikapu kwa miyaa, na kununua kwao moja kwa moja ni bora kuliko kununua mjini. Kutoka hapo unaweza kuushika ufuo na kurudi Shela, lakini mzunguko huo wote kwa siku moja ni wa mtu aliyezoea mwendo mrefu na aliyebeba maji ya kutosha. Wengine nawashauri wakubaliane na nahodha tangu asubuhi, awachukue Matondoni au Kipungani alasiri. Kurudi kwa mashua kukiwa na upepo ni nusu ya raha ya siku hiyo.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, nayataja kwa kifupi kwa sababu kutembea kwenyewe ni kidogo. Ni mji ulioshamiri kati ya karne ya 15 na ya 17, milango ya nyumba zake ikielekea kaskazini upande wa kibla, na watu wa Shela bado huenda kuomba dua kwenye kaburi la mnara lililoko huko. Mashua huingia kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa haipiti.

Malindi mjini

Njia ya mjini ni fupi na sitaisifu kupita kiasi. Kutoka Msikiti wa Juma, wenye makaburi mawili ya mnara, unapita kanisa dogo la Wareno na kufika kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nahodha aliyetia nanga hapa Aprili 1498. Asubuhi moja inatosha na kubaki. Ufuo wa kuelekea kaskazini hadi mlango wa mto Sabaki ni mzuri zaidi kwa anayependa ndege, ila mwenyeji awe nawe, kwa sababu mlangoni mwa mto kuna viboko.

Gede, Arabuko-Sokoke na Mida

Hapa ndipo Malindi inapoipiku Lamu. Gede iko kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, na matatu za Watamu zinakuacha njia panda. Ulikuwa mji mkubwa wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, visima virefu na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Uchimbaji mkubwa ulianza 1948 chini ya mwanaakiolojia James Kirkman, na mwaka 2024 UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa mtembezi, uzuri wake uko kwenye mwendo wenyewe: njia za udongo zilizo sawa, kivuli mwanzo hadi mwisho, mizizi ya mivumo iliyoushika ukuta na kuupasua polepole. Kima wamejaa, na ndizi ukiionyesha tu umekwisha kuipoteza.

Pale pale langoni kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi, na pupa zao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Ingia, ni dakika chache, nawe utaelewa kwa nini jirani wa msitu anaweza kufaidika na mti uliosimama kuliko mti uliokatwa.

Mwendo mfupi kwa barabara kuu ndipo kilipo kituo cha msitu cha Gede, lango la Arabuko-Sokoke. Huu ni msitu wa takriban kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Usiingie bila mwongozaji: ndani mna ndovu, na njia zinafanana mno. Mwongozaji mzuri hutembea huku amenyamaza. Anasimama, anainua mkono, nawe unasikia majani makavu yakichakarishwa hatua kumi mbele yako. Ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, na mgongo wake wa nyuma una rangi ya manjano inayong'aa hata kivulini. Akikuona anapiga ardhi kwa mkia na kutoweka. Duniani kote huishi karibu katika msitu huu tu na vipande vichache jirani.

Anayefuata ndege aamke zaidi ya wengine. Zaidi ya aina 230 zimeonekana humu, lakini msitu una sehemu tatu tofauti na kila sehemu ina wenyewe. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1965, anapenda ule upande wa vichaka vizito kwenye udongo mwekundu, mbali na lango la Gede. Mwambie mwongozaji tangu jana yake unamtafuta nani, ili msipoteze asubuhi upande usio wake.

Mida ni jambo lingine. Daraja la mbao na kamba linapita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na hela ya kiingilio inakwenda kwenye karo za watoto wa sekondari kutoka vijiji vinavyouzunguka msitu na mkono huu wa bahari. Daraja linayumba. Watoto wanafurahi, wazee wengine hawafurahi. Kati ya Oktoba na Aprili tope la Mida hujaa ndege waliotoka kaskazini mwa dunia, wengine wamesafiri miezi.

Maji ndiyo ratiba

Watu huangalia saa na hali ya hewa, wakasahau bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi kumi na nne, maji katika pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, kisha kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Panga kwa hayo. Ufuo wa Shela unataka maji yanayopwa, mchanga mgumu uwe mpana, na siku za bamvua ukitoka saa mbili asubuhi unapata hayo pamoja na jua ambalo halijawa kali. Mida inataka kinyume: maji yanayojaa, ndiyo yanayowasukuma ndege karibu na kibanda, na siku hizo hizo za bamvua wakati huo unaangukia jua kali la mchana. Kwa Mida ningengoja maji mafu, juma moja baadaye, wakati bahari inajaa asubuhi. Takwa nayo ni ya maji mengi. Kwa hiyo tarehe za likizo zikiwa zimeshafungwa, angalia mwezi kabla ya kuangalia bei: mwezi mpevu au mwandamo unapendelea Shela, na mwezi nusu unapendelea Mida. Gede, msitu na Matondoni hazijali.

Majira pia yana uzito. Januari hadi Machi joto ni kali na ufuo wa Shela haufai baada ya saa tatu, ilhali Gede bado inatembeka kwa sababu ya miti. Masika, kuanzia Aprili, njia za msituni huwa za tope. Julai hadi Septemba kusi inavuma, hewa ni ya kupumua, na hapo ndipo njia ya Matondoni inapokuwa ya kufurahisha kweli.

Nani aende wapi

Mwenye watoto wadogo namwelekeza Gede bila kusita. Kivuli kipo, mwendo ni mfupi, kima wanawaburudisha, na Kipepeo iko palepale. Mwenye mzazi aliyechoka magoti ampeleke Lamu, alasiri, kando ya bahari kutoka ngomeni kuelekea Langoni, wakae wanapotaka kukaa. Vichochoro vya ndani vina ngazi na mifereji inayotega mguu. Anayetumia kiti cha magurudumu atapata tabu pote pawili, ila sehemu tambarare za pwani ya Lamu zina unafuu kuliko msitu au daraja la Mida.

Mwanamke anayesafiri peke yake ataiona Lamu mjini rahisi kuliko alivyotarajia, kwa kuwa ni mji wa majirani na macho ya watu yanalinda. Vazi la heshima na leso begani vinafungua milango mingi. Kwenye fukwe za Malindi na Watamu wachuuzi humfuata mtu kwa muda mrefu, na "ahsante, sitaki" ya upole ila thabiti inabidi irudiwe.

Mpenda ndege na wanyama, Malindi, wala asiwaze mara mbili. Mpenda historia ana kazi: Gede ni mji uliokufa unaosomeka vizuri, Lamu ni mji hai. Kama hujawahi kufika popote kati ya hizo mbili, anza na Lamu. Na anayetaka kutembea tu, siku nzima, kuanzia mlango wa chumba hadi kurudi, bila kuhesabu nauli, hana mahali pengine katika pwani ya Kenya panapompa uhuru huo kama kisiwa cha Lamu.

Nina ombi kwa wanaopanga barabara za Kilifi, kaunti iliko Malindi. Magofu ya Gede, Kipepeo, kituo cha msitu na Mida vimekaribiana sana. Mtu mzima angeweza kuvitembea vyote kwa siku moja. Kinachomzuia ni ukingo wa barabara kuu, ambapo mabasi yanapita kwa kasi na mtembezi anabanwa kwenye changarawe pamoja na wanafunzi wanaorudi nyumbani. Njia ya miguu iliyotengwa kando, ikapandwa mikwaju na miembe, ingemfaa mgeni siku moja na mtoto wa Gede kila siku. Mpaka hapo, chukua tuktuk kati ya kipande na kipande, mkubaliane bei kabla ya kupanda.

Ukiweza kuunganisha pande zote mbili, anzia Malindi. Fanya Gede na msitu asubuhi moja, Mida asubuhi nyingine, kisha panda basi la mapema kwenda Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Beba kitambulisho mkononi, kwa sababu njiani kuna vizuizi vya ukaguzi, na uliza hali ya usalama ya barabara siku moja kabla. Mokowe boti zinasubiri abiria. Viatu vizito vya msituni utavifungia begini hapo, maana kisiwani Lamu kandambili imara inakutosha kote isipokuwa Matondoni.